Uzito wa mwanzo umetoka chini? Usikimbilie sukari kabla ya kupiga hesabu

Ndugu yangu wa Najjera, kabla hujafungua huo mfuko wa sukari naomba unisikilize.

Umeeleza kwamba umepika bia ya kimea kitupu kwa mara ya kwanza, kilo 4 na nusu za kimea cheupe cha shayiri, kwa resipe ya Marekani inayotaka lita 20 zenye uzito wa mwanzo wa 1.050, yaani kipimo cha sukari iliyomo kabla hamira haijaanza kazi, maji matupu yakiwa 1.000. Ulianza kuchemsha ukiwa na lita 25 juu ya sigiri ya makaa, ukachemsha saa nzima, ukabaki na lita 23. Ukapima maji ya kimea yakiwa bado na vuguvugu la nyuzi 40 hivi, haidromita (kile kioo kinachoelea kupima uzito) ikasoma 1.036. Ukatia hamira usiku ule ule, sasa povu limepanda, na unauliza kama kilo moja ya sukari itaiokoa bia yako. Mwishoni ukagusia kwamba safari ijayo unataka kutumia mtama kutoka Teso, mashariki mwa Uganda, ukauliza kama nao utakupa shida hiyo hiyo.

Wenzetu wawili watatu hapo juu wamekwambia utie sukari tu mambo yaishe. Mimi napinga, na sababu zangu ni za hesabu. Sukari ya kimea chako haijapotea, karibu yote imo ndani ya ndoo. Ulichonacho ni maji ya ziada. Kukosa sukari na kuzidisha maji ni maradhi mawili tofauti, ingawa haidromita huonyesha dalili ile ile kwa yote mawili. Ukitibu moja kwa dawa ya jingine utaharibu bia ambayo haina ubaya wowote.

Tuanze na hiyo 1.036, maana si kweli. Haidromita nyingi zinazouzwa kwa wapika bia zimepangwa kusoma sawasawa maji yakiwa na nyuzi 20. Ziko za zamani zilizopangwa kwa nyuzi 15.6, tazama karatasi iliyo ndani ya shingo ya kioo, imeandikwa pale. Maji yakipata moto hupanuka na kuwa mepesi, haidromita inazama zaidi, na unasoma namba ndogo kuliko ilivyo. Kwa haidromita ya nyuzi 20, ukipima kwenye nyuzi 30 ongeza pointi 2 au 3. Kwenye nyuzi 40 ongeza 6. Kwenye nyuzi 50 ongeza 10. Kwenye 60 inafika 15 hivi, na huko mimi siamini tena masahihisho, napoza kwanza. Kwa hiyo 1.036 yako ya nyuzi 40 ni 1.042. Pointi 6 umezipata bila kuongeza chochote.

Nikisema pointi nina maana ya tarakimu zile baada ya 1.0; 1.042 ni pointi 42. Sasa zidisha pointi kwa lita. Lita 23 mara 42 ni 966. Resipe yako ilitaka lita 20 mara 50, yaani 1,000. Tazama hapo: ulitakiwa uvune 1,000, umevuna 966. Kilo moja ya kimea cheupe cha shayiri, ikitoa kila kilichomo, huleta pointi 300 hivi kwa hesabu hii ya lita. Kilo zako 4 na nusu zingetoa 1,350 kama maabara ndiyo ingepika. Wewe umepata zaidi ya asilimia 71, kwa mara ya kwanza, kwa sigiri. Wapika bia wa nyumbani wengi huishia kati ya 65 na 75. Kimea chako kimefanya kazi yake, na wewe umefanya yako.

Sasa twende kwenye kilo ya sukari uliyotaka kutia. Kilo ya sukari ya mezani, iwe ya Kakira, Lugazi au Kinyara, huleta pointi 380 hivi. Ulipiga hesabu kwamba 380 ukigawa kwa lita 23 unapata kama 16 na nusu, ukijumlisha na 36 unafika 1.052, safi kabisa. Lakini hukuanzia 36, ulianzia 42. Ungeishia kwenye 1.057 hivi, hata ukihesabu kwamba sukari yenyewe inaongeza ujazo wa nusu lita na ushei. Zaidi ya robo ya nguvu yote ya bia hiyo ingekuwa ya sukari tupu. Hamira hula sukari ya mezani yote isibaki kitu, kwa hiyo bia ingekauka mdomoni, nyembamba, na pombe ingefika asilimia 6 na nusu hivi. Kama ulitaka bia ya kunywa jioni na marafiki, hiyo siyo.

Kuna jambo lingine ambalo sijaona mtu akiligusa hapo juu, nalo ndilo linanifanya nikwambie uiache ilivyo. Maji ya ziada hayakupunguza utamu peke yake, yamepunguza na uchungu wa hopsi kwa kiasi kile kile. Hopsi ulizotia zilikuwa za lita 20, sasa zimetandazwa kwenye 23. Bia yako imekuwa nyepesi pande zote mbili, kwa hiyo mizani ya utamu na uchungu imebaki pale pale alipoiweka mwenye resipe. Ukiongeza nguvu upande mmoja tu ndipo unaivunja mizani hiyo. Bia ya 1.042 ikishuka hadi 1.009 ina pombe ya asilimia 4.3. Hesabu yake ni tofauti ya namba hizo mbili mara 131, 0.033 mara 131 ni 4.3. Hiyo ni bia kamili, na utakuwa na lita tatu za ziada.

Ikiwa roho yako haitulii mpaka ufike 1.050, nakupa njia isiyoharibu. Unahitaji pointi 8 mara lita 23, yaani 184. Unga wa ekstrakti ya kimea hutoa kama 370 kwa kilo, kwa hiyo nusu kilo inatosha. Huo ndio ninaoupendelea, kwa sababu unarudisha kile kile kilichotoka kwenye nafaka, na mwili wa bia unabaki. Ekstrakti nzito ya majimaji hutoa 300 hivi kwa kilo, basi utahitaji gramu 600. Ukikosa vyote, gramu 400 za sukari zitakufikisha kwenye 1.047 au 1.048, usizidi hapo. Yeyusha kwenye nusu lita ya maji tu, chemsha dakika kumi, funika, acha ipoe kabisa ndipo umimine. Ukitumia lita mbili za maji kuyeyushia utakuwa umerudi ulikotoka. Mimina polepole pembeni mwa ndoo, usirushe wala kukoroga kwa nguvu. Bia iliyokwisha kuanza kuchacha haitaki hewa tena, na gesi iliyomo ikishtuliwa itapanda na povu lote mpaka sakafuni. Fanya hivyo leo au kesho, hamira ikiwa bado na nguvu.

Asali nayo inafaa, na ile ya West Nile ina harufu nzuri mno, lakini ladha ya bia itabadilika. Itie kwa sababu unataka asali, si kwa sababu unataka pointi.

Kabla ya safari ijayo, jifunze kupima vizuri, maana nusu ya malalamiko ya uzito mdogo ninayoyasikia huanzia kwenye upimaji. Koroga sufuria kwanza kabisa, hasa kama umeongeza maji mwishoni; maji ya kimea ni mazito, yanakaa chini, yale uliyoongeza yanaelea juu, na ukichota juu unapima maji. Chota kwa kata safi, jaza mrija wa kupimia, usimamishe ndani ya beseni la maji ya mtungi. Uzungushe taratibu kila baada ya muda. Ukiona kipimajoto kimeshuka chini ya nyuzi 25, tumbukiza haidromita polepole, kisha izungushe kwa vidole viwili ili vipovu vilivyoshika mwili wake viachie, maana kipovu kinainyanyua na kukudanganya upande wa juu. Shusha macho yawe sawa na uso wa maji. Soma pale maji yalipo bapa, usisome pale yanapopanda kidogo kwenye shingo ya kioo. Ukimaliza, hayo maji yanywe uonje utamu wake, usiyarudishe ndani ya ndoo.

Na haidromita yenyewe ijaribu. Itie kwenye maji ya mvua yaliyochujwa, yenye nyuzi 20. Lazima isome 1.000. Ikisoma 0.997, karatasi ya ndani imeteleza, basi utaongeza pointi 3 kila unapopima. Kwa wenye refraktomita, kifaa kinachopima sukari kwa mwanga: ni nzuri kwa sababu inataka matone mawili tu na hayo yanapoa upesi, na kila Brix moja, kizio chake cha sukari, ni kama pointi 4. Ila pombe ikishaingia inadanganya sana. Hamira ikianza kazi rudi kwenye haidromita.

Jerikani nazo ni chanzo cha mkanganyo. Ile ya njano tunayoiita ya lita 20, ukiijaza mpaka mdomoni inabeba zaidi ya hizo 20. Ukijaza moja na kitu ukasema una 25, huenda una 27. Mimi natumia mwiko mrefu wa mbao: nilipima maji lita moja moja kwa jagi lenye alama, nikakata alama kwenye mwiko kila lita kwa sufuria ile ile ninayopikia. Tangu hapo sibahatishi. Kumbuka pia maji yanayochemka yamepanuka kwa asilimia 4 hivi, kwa hiyo lita 23 za moto zitakuwa 22 zikipoa.

Sasa kwa nini ulibaki na lita 23? Ni sigiri. Wanaoandika resipe hizo wanapikia kwenye majiko makubwa ya gesi yanayounguruma, na yanapoteza lita 4 au 5 kwa saa bila shida. Wewe umepoteza 2. Sigiri huanza kwa kishindo, ikifika dakika ya arobaini makaa yamevaa jivu, sufuria inatoa mvuke bila kuchemka sawasawa, na pengine mtu anaifunika nusu ili isipoe. Maji hayapungui. Hilo halikufanyi mpishi mbaya, linakutaka ubadilishe hesabu ya resipe iendane na jiko lako. Ukijua sigiri yako inakula lita 2 kwa saa, anza na 22. Utasuuza machicha (mabaki ya kimea kilicholowekwa) kwa maji machache zaidi na utaacha pointi kidogo ndani yake, labda zile za gramu mia mbili tatu za kimea, kwa hiyo ongeza kimea kiasi hicho mwanzoni. Mimi naona ni nafuu kuliko kuchemsha saa mbili na nusu ukimaliza gunia la makaa. Ongeza makaa mapya kabla ya yale ya kwanza hayajachoka, yawe yameshika moto pembeni. Na tafadhali, upikie nje. Moshi wa makaa usioonekana unaua watu ndani ya nyumba zilizofungwa, na saa tatu za kupika bia ni nyingi.

Kipimo kinachookoa bia ni kile cha kabla ya kuchemsha, na wengi hawakichukui. Ukishasuuza na kukusanya maji yote, koroga, pima ujazo, pima uzito, zidisha. Lita 25 zinazotakiwa kuishia 20 za 1.050 lazima zianze na 1.040. Ukipata hiyo, tulia, kazi iliyobaki ni ya moto tu. Ukipata 1.034, una 850 badala ya 1,000, na muda bado unao. Unaweza kutia gramu 400 za unga wa ekstrakti ndani ya sufuria inayochemka, ukafunga hesabu. Unaweza kukubali bia chache, ukachemsha hadi lita 17 na kupata 1.050 yako pale. Au unakubali bia nyepesi na unapunguza hopsi ili mizani ikae. Ukichagua kuchemsha muda mrefu, fanya hivyo kabla ya kutia hopsi za uchungu. Zikishaingia, kila dakika ya ziada ni uchungu wa ziada, na unaweza kurekebisha uzito ukaishia na dawa ya malaria.

Mimi binafsi hupenda hiyo ya pili, ya kupata bia chache lakini iliyo sawa.

Ikitokea umepiga hesabu na kweli pointi hazipo, yaani umepata 700 pale palipotakiwa 1,000, hapo tatizo liko kwenye kimea chenyewe au kwenye kukiloweka kwa maji ya moto. La kwanza ninalolitazama ni kusaga. Chukua kiganja cha kimea kilichosagwa, kitandaze kwenye sahani nyeupe. Ukiona punje nzima nzima, hizo zitapita kwenye maji ya moto na kutoka na wanga wake wote. Kila punje inatakiwa iwe imepasuka vipande, na ganda liwe limebaki zima zima. Mashine za posho hazifai kwa wanaosuuza kwa kuchuja, zinatoa unga na kuchana maganda, kisha machicha yanaziba na hakuna kinachoshuka. Kwa wanaopikia ndani ya mfuko wa kitambaa, kusaga laini hakuna neno, na huwa kunaongeza mavuno. Kimea kilichosagwa dukani miezi iliyopita na kukaa kwenye unyevu wa huku ziwani nacho kimechoka. Kitafune: kikiwa kikavu kinavunjika kwa mlio, kikinyumbuka kimevuta maji.

La pili ni joto. Shayiri inataka nyuzi 65 hadi 67 kwa saa nzima. Na hapa kuna kitu kinachowapotosha watu wa Kampala. Wanatia kipimajoto kwenye maji yanayochemka, kinasoma 96, wanasema kibovu, wanakitupa au wanaongeza nyuzi 4 kila mara. Kipimajoto hakina kosa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, kule juu zaidi, ni kama 94. Ukiongeza nyuzi 4 za uongo kwenye hesabu utaloweka kimea kwenye 62 ukidhani ni 66. Kijaribu kwa barafu iliyopondwa na maji kidogo. Hapo ndipo sifuri ni sifuri popote ulipo.

Madonge makavu yanayojificha katikati ya uji wa kimea na maji ni ya kuvunjwa kwa mwiko tangu mwanzo, na ukoroge tena kila robo saa huku ukifunika kwa blanketi. Kusuuza kuwe polepole, kwa maji yasiyopita nyuzi 76. Kuhusu maji yenyewe, ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria ni laini, hayana chokaa nyingi, kwa hiyo sioni kama ndiyo yanayokuponza. Wenye visima ndio wapime, pH ya uji ikae kati ya 5.2 na 5.6.

Kujua kama wanga umeisha, nunua iodini ya vidonda dukani kwa mwuza dawa. Weka matone ya maji ya uji, yale meupe yasiyo na maganda, kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini. Ikibaki rangi yake ya kahawia, wanga umegeuka sukari. Ikiwa bluu nyeusi, funika uendelee kusubiri nusu saa. Hiyo sampuli mwaga, usiinywe.

Nije kwenye mtama wako, kwa sababu huko ndiko utakakopata uzito mdogo wa kweli ukiufanya kama shayiri. Wanga wa shayiri hufunguka kwenye joto lile lile ambalo vimeng'enya vya kimea, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, hufanyia kazi. Wanga wa mtama hautaki kufunguka mpaka upite nyuzi 70 na kuendelea, na kufikia hapo vimeng'enya vingi vimekwisha kufa. Ukiloweka kimea cha mtama kwenye 66 ukangoja saa nzima, utapata maji yenye mawingu na haidromita itakuonyesha huzuni.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Kumi, na anavyotengeneza ajono yake, pombe ya wimbi ya Teso, amelitatua jambo hili bila kipimajoto. Unga wa wimbi analowesha, anauacha uchachuke siku kadhaa, kisha anaukaanga kwenye bati kubwa juu ya kuni. Anaugeuza kwa jembe la mpini mfupi, mikono miwili, bila kupumzika, mpaka madonge yanageuka kahawia na harufu ya mkate inafika barabarani. Anaanika jua. Baadaye ndipo anachanganya na maji na kimea cha wimbi kilichochipushwa kando, ambacho hakikupita kwenye moto ule. Moto umefungua wanga, kimea kibichi kimeleta vimeng'enya. Kwete, pombe ya mahindi, nayo hufuata mpango huo huo.

Kwa bia yako ya mtama fanya vivyo hivyo kwa maji. Chukua kimea cha mtama kilo 4, changanya na lita 14 za maji yatakayokufikisha kwenye nyuzi 45 hadi 50, koroga, acha nusu saa. Vimeng'enya vitatoka viingie kwenye maji, unga utatuama. Teka polepole yale maji ya juu, lita 5 au 6, uyaweke kwenye chombo kilichofunikwa na kufungwa blanketi. Hayo ni mali, usiyaache yapate moto. Uji mzito uliobaki uchemshe dakika 20 hadi 30 ukikoroga chini usiungue. Upoze hadi nyuzi 75, kisha mimina humo yale maji uliyoyateka, yote kwa mkupuo, na ukoroge haraka. Utatua kwenye 64 hivi. Ukimimina kidogo kidogo, vimeng'enya vya kwanza vinaungua. Funika saa moja na nusu, pima kwa iodini. Mtama hauna maganda ya kuchujia, kwa hiyo tumia mfuko.

Kama unachipusha mwenyewe, ukishakausha sugua uondoe mizizi na machipukizi yote uyapepete, maana machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanidi. Chagua mtama mweupe, ule mwekundu mchungu una kitu kinachofunga vimeng'enya. Epuripur, iliyotoka kituo cha Serere mwaka 1995 na ndiyo iliyoanza kupikiwa bia ya Eagle Lager, ni nyeupe na inafaa. Viwandani wao huongeza vimeng'enya vya kununua, kwa hiyo usilinganishe mavuno yako na yao. Uzito wa mwisho wa mtama mtupu nao hubaki juu kidogo, kwa sababu kimea chake kina uhaba wa kimeng'enya kinachotoa sukari ile hamira inayoipenda. Ukichanganya kilo moja ya kimea cha shayiri, ikitiwa uji ukiwa umeshashuka kwenye 64, hali inakuwa nzuri zaidi.

Kwa sasa ndoo yako iache imefunikwa. Povu likishuka, pima. Pima tena baada ya siku mbili. Namba ikiwa haijasogea, mahali fulani kati ya 1.008 na 1.011, tia kwenye chupa kwa gramu 6 za sukari kwa kila lita. Halafu utuletee hapa uzito wa mwisho, joto la chumba, na lita ulizopata kamili, nami nitakupigia hesabu ya resipe hiyo hiyo kwa sigiri yako.